Pampu ya besimenti inawaka kila dakika mbili, hata kukiwa na jua kali

msimamizi_upanga

Wakuu habari za kazi. Jengo liko Upanga, Dar es Salaam, lina besimenti ya kuegeshea magari. Kwenye kona kuna shimo la kukusanyia maji, sentimita 80 kwa 80, kina sentimita 120. Ndani yake kuna pampu ya kuzamishwa ya horsepower 1 yenye boya lake, yaani swichi inayoelea, ambayo huiwasha maji yakipanda na kuizima yakishuka. Bomba ni PVC ya inchi 2: linapanda mita 5, halafu linakwenda mita 18 chini ya dari likipanda kidogo kidogo mpaka nje, linamwaga mtaroni.

Wakati wa masika pampu ilikuwa inafanya kazi sana, hilo tulilielewa. Sasa masika imekwisha, hakuna mvua, na bado inawaka. Nimepima kwa saa ya simu: inafanya kazi sekunde 20, inapumzika dakika 2, inawaka tena. Inawaka maji yakifika sentimita 38 kutoka sakafu ya shimo, inazima yakishuka mpaka 30. Mota imekuwa ya moto na breka imeshakatika mara mbili wiki hii.

Fundi anashauri tununue pampu ya horsepower 2 kwa maelezo kwamba hii imezidiwa. Kabla sijapeleka makadirio kwa wamiliki, naomba maoni yenu.

FundiBomba

Ndugu msimamizi, usinunue pampu bado. Pampu iliyozidiwa haizimi, hukaa ikinguruma saa nzima na maji hayashuki. Yako inashusha maji kwa sekunde 20 tu. Hiyo ina nguvu ya kutosha na ziada.

Tazama namba zako mwenyewe. Shimo la 80 kwa 80 lina lita 6.4 kwa kila sentimita moja ya kina. Kutoka 38 mpaka 30 ni sentimita 8, yaani lita 51. Bomba la inchi 2 linabeba karibu lita 2 kwa kila mita, na wewe una mita 23. Ndani ya bomba kuna lita 45. Kama valvu ya kuzuia maji kurudi imeharibika au haipo, kila pampu inapozima lita hizo 45 zinarudi shimoni. Umetoa 51, zimerudi 45, na pampu imefanya kazi ya kupandisha na kushusha maji yaleyale kutwa nzima.

Fanya hivi leo. Simama mtaroni mwenzako akiwa shimoni, mpigiane simu. Hesabu ni sekunde ngapi maji yanamwagika nje kila pampu inapowaka. Kisha nenda shimoni, chora mstari wa chaki ukutani kwenye usawa wa maji mara tu pampu inapozima, na usikilize bomba. Pima maji yanapanda kiasi gani ndani ya nusu dakika ya kwanza. Baada ya hapo zima breka, subiri dakika 20, pima tena. Ule mruko wa mwanzo ni maji yanayorudi. Mwendo wa polepole unaofuata ndio maji halisi yanayoingia kutoka ardhini. Watu wengi huchanganya haya mawili na ndiyo maana wanaishia kununua pampu.

Usiache shimo bila kuliangalia breka ikiwa imezimwa.

msimamizi_upanga

Asante sana fundi. Majibu ni haya: mtaroni maji yanatoka sekunde mbili, tatu hazifiki, kisha yanakatika. Shimoni, pampu ikizima unasikia maji yakiporomoka ndani ya bomba na mapovu yanapanda pembeni ya pampu. Sentimita 7 ndani ya nusu dakika. Halafu kwa dakika 20 breka ikiwa imezimwa maji yamepanda sentimita 9 tu.

Valvu ipo, iko futi moja juu ya pampu, ndani ya shimo.

FundiBomba

Basi ndiyo hiyo. Sentimita 7 mara 6.4 ni lita 45, bomba zima. Maji ya ardhini ni sentimita 9 kwa dakika 20, karibu lita 3 kwa dakika. Valvu ikifunga vizuri, hata bila kugusa boya, pampu itapumzika kama dakika 17 badala ya 2.

Kuibadilisha: zima breka na uchomoe plagi, usitegemee boya kwamba limelala. Bomba lako linajimwaga lenyewe, kwa hiyo halitakumwagikia, lakini weka ndoo. Fungua yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguliwa bila kukata), chungulia kilimi cha valvu, kile kifuniko kinachofunguka maji yakipanda na kujifunga yakitaka kurudi. Mara nyingi utakuta kipande cha saruji au changarawe ndogo kama punje ya mchele imekaa kwenye kiti chake, kilimi kimebaki wazi upande mmoja. Ukiona mpira umekunjika au una alama ya kovu iliyozama, usiusafishe na kuurudisha, weka valvu mpya.

Valvu mpya iwe ya inchi 2, mshale uelekee juu, kwenye bomba la wima. Ya kilimi ukiilaza chini ya dari itashika uchafu haraka. Iweke mahali mkono unafika, na yunioni juu na chini yake, ili siku nyingine usikate bomba. Juu yake funga geti valvu, ile ya kufunga kwa mkono. Siku ya kusafisha unafunga na maji ya bomba hayakurudii.

Jambo ambalo wengi hawalijui: toboa tundu la milimita 3 kwenye bomba kati ya pampu na valvu, juu kidogo ya mwili wa pampu, likielekea chini. Bila tundu hilo hewa inaweza kunasa chini ya valvu. Pampu itawaka, itanguruma, na maji hayatapanda. Soma kwanza kijitabu cha pampu, baadhi ya pampu zina tundu lake tayari. Pampu ikiwaka utaona mchirizi mwembamba unaruka hapo. Mtu akija akaliziba kwa gundi akidhani ni uvujaji, tatizo la hewa linaanza. Waambie walinzi.

Bi_Mkadiriaji

Naunga mkono, ila valvu peke yake ni nusu ya kazi. Sentimita 8 kati ya kuwaka na kuzima ni kidogo mno. Mvua za vuli zikija, maji yanayoingia yataongezeka na utarudi hapahapa.

Kinachoua mota ndogo ni kuanza. Kila inapoanza huvuta mkondo mara tano mpaka saba ya ule wa kawaida, na joto la mwanzo huo linahitaji muda wa kutoka. Sasa hivi inaanza mara 25 hivi kwa saa. Angalia kijitabu cha pampu kinaruhusu mara ngapi. Kama hukioni, panga isizidi 15.

Hesabu iko hivi. Hali mbaya kuliko zote ni pale maji yanapoingia kwa nusu ya uwezo wa pampu. Kwa hali hiyo ujazo unaohitajika kati ya kuwaka na kuzima ni uwezo wa pampu kwa dakika, mara dakika za mzunguko mmoja, gawa kwa 4. Pampu yako inatoa lita 51 kwa sekunde 20, sawa na 150 kwa dakika. Mara 15 kwa saa ni mzunguko wa dakika 4. Kwa hiyo 150 mara 4, gawa kwa 4, ni lita 150. Kwa shimo lako ni sentimita 24. Weka 25.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa pampu inayotoa lita 300 kwa dakika: utahitaji sentimita 47. Pampu kubwa kwenye shimo dogo inamaliza maji haraka zaidi na kuanza mara nyingi zaidi. Ushauri wa horsepower 2 ungeharibu kabisa.

msimamizi_upanga

Dada Mkadiriaji, kwa boya hili hizo sentimita 25 zinapatikanaje? Waya wake umefungwa kwa kamba ya plastiki karibu kabisa na mpini wa pampu. Fundi aliufupisha kwa sababu boya lilikuwa linagonga ukuta na kukwama.

Bi_Mkadiriaji

Hapo umefika. Urefu wa waya ulio huru, kutoka ulipobanwa mpaka kwenye boya, ndio unaopanga umbali huo. Kwa makadirio, zidisha waya huru kwa 1.5. Waya wako huru utakuwa sentimita 5 au 6, ndiyo maana unapata 8. Ukitaka 25 acha sentimita 17.

Boya nalo lina urefu wake wa sentimita 10 hivi, kwa hiyo linahitaji karibu 27 za kuzunguka. Pampu ikiwa katikati ya shimo la 80, kila upande unabaki na kama 30. Linatosha kwa shida, na pampu hujisogeza kidogo kila inapoanza. Isogeze pampu upande mmoja, boya litazame upande wenye nafasi, mbali na bomba linaloingiza maji. Bana waya kwenye bomba la kupandisha, si kwenye mpini pekee.

Acha kuzima kubaki 30, au pale kijitabu kinaposema mwili wa pampu ubaki umefunikwa, maana maji ndiyo yanayoipoza. Kuwaka kuwe 55. Mabomba yanayoingia shimoni yako usawa gani?

msimamizi_upanga

Sentimita 70 kutoka chini.

Bi_Mkadiriaji

Salama. Usivuke hapo, maji yakisimama ndani ya mabomba hayo tope linakaa humo.

kijana_wa_jenereta

Kwa nini asifunge taima tu, pampu iwake kila baada ya nusu saa? Rahisi na boya halihitajiki.

umeme_salama

Hapana ndugu. Taima haijui mvua imeanza saa nane usiku. Nusu saa ya mvua kubwa inatosha kujaza shimo na kuanza kufunika sakafu ya maegesho. Na siku za kiangazi itawaka maji yakiwa chini, pampu ikauke na sili (kizuizi cha maji kuingia kwenye mota) iungue.

Ukitaka kuboresha upande wa umeme, weka boya la pili juu, sentimita 85 hivi, liunganishwe na king'ora chumba cha mlinzi. Pia hakikisha laini hiyo ina breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Na hiyo breka iliyokatika mara mbili usiibadilishe na kubwa zaidi. Ukishatengeneza valvu na boya, pima mkondo kwa klampu mita, kipimo kinachoshika waya kwa nje, ulinganishe na ulioandikwa kwenye bamba la pampu. Ukizidi, kapasita (inayosaidia mota kuanza) au impela (pangaboi linalosukuma maji) iangaliwe.

mtoto_wa_pwani

Nyongeza mbili. Ya kwanza ni mdomo wa bomba mtaroni. Ukiwa chini ya usawa wa maji ya mtaro na valvu mbovu, maji ya mtaro yananyonywa yarudi besimenti. Uinue ubaki hewani hata mtaro ukijaa.

Ya pili, hizo lita 3 kwa dakika ni mita za ujazo 4 na zaidi kwa siku. Tafuta zinatoka wapi. Usiku funga maji kwenye mita na kwenye tangi la chini kwa saa moja, pima shimo. Mwendo ukipungua, kuna bomba linavuja. Usipobadilika, pima chumvi kwa kile kipimo kidogo cha kielektroniki, linganisha na maji ya bombani. Upanga iko karibu na bahari. Kwenye mchanga maji ya ardhini yanaweza kupanda na kushuka na bahari, kwa kuchelewa. Pima maji yakijaa na yakipwa, siku za bamvua (bahari inapojaa na kupwa sana), urudie siku za maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo). Ukiona tofauti na maji ni ya chumvi, boliti za chuma cha kawaida kwenye pampu hazitadumu. Zibadilishe ziwe za stenlesi ya 316, na ukague sili kila baada ya miezi sita.

msimamizi_upanga

Valvu imebadilishwa leo asubuhi. Kwenye kiti cha ile ya zamani palikuwa na kipande cha saruji chembamba kama ukucha. Boya limeachiwa sentimita 17. Inawaka 54, inazima 30, imepumzika dakika 51, na mtaroni maji yanatoka karibu muda wote pampu ikiwa inafanya kazi. Usiku nafunga mita nipime, kipimo cha chumvi naazima kesho.