Mrejesho: majaribio yaliyogoma kupakia klasi sasa yanapita

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini majaribio ya programu yangu ya wavuti ya Java yanakufa na kosa la `ClassFormatError: Absent Code attribute in method that is not native or abstract`, ilhali programu hiyohiyo kwenye seva inapiga kazi vizuri tu.

Mchawi ni JAR (kifurushi cha klasi za Java) ya `javaee-api` 6.0, ile maktaba ya Java EE. Nimeichungulia kwa `javap -c`, zana ya kuonyesha kodi iliyo ndani ya klasi: majina ya mbinu (methods) yapo, ndani hamna kitu. Maganda matupu! Kukompaili yanatosha. Seva nayo huleta klasi zake kamili, ndiyo maana kule huoni tatizo. Jaribio halina seva, kwa hiyo JVM (mashine inayoendesha Java) inakutana na ganda na kugoma.

Aliyenishauri niipe JAR hiyo skopu ya `provided` (yaani seva ndiyo itakayoileta), ahsante, ila nilikuwa nayo tayari; Maven, zana ninayojengea mradi, huiacha JAR hiyo kwenye njia ya klasi (classpath, mahali Java inapotafuta klasi) wakati wa majaribio.

Dawa: nimeongeza JAR yenye utekelezaji kamili, skopu ya `test` (kwa majaribio tu), JUU ya `javaee-api` kwenye `pom.xml`, faili la mipangilio ya Maven. Mwanzoni niliiweka chini, kosa likabaki vilevile na jioni yangu ikaishia hapo. Kumbe Maven hupanga njia ya klasi kwa mpangilio ulioandika, na klasi inayokutwa kwanza ndiyo inayotumika.