Wakuu, hiki chombo cha uzi mmoja nilichokikuta Kisumu kinaitwaje?

Mtu wa Ziwani:
Habari wakuu. Mimi Mtanzania, nipo Kisumu kikazi. Jioni karibu na stendi kuna wazee wawili na kijana wanapiga muziki, wapita njia wanawatupia sarafu. Kijana anagonga pete nene ya chuma, mzee mmoja yuko kwenye ngoma. Huyo mwingine ndiye kanimaliza: ameegemeza tumboni kikopo cha mti kilichowambwa ngozi yenye magamba, kina fimbo ndefu na uzi mmoja tu, anausugua kwa kijiupinde. Akiimba mstari, chombo kinamjibu kama mtu anayeimbia puani. Niliuliza jina, makelele ya makonda yakameza jibu. Gitaa napiga kidogo. Nitakipata wapi, na kwa umri wangu wa miaka 38 naweza kujifunza?

Kandambili:
Hiyo nyatiti mkuu.

NyarKisumu:
Nyatiti wapi! Nyatiti ina nyuzi nane, hukwanyuliwa kwa vidole mpigaji akiwa amekaa, na kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya kugongea chombo. Kaka, umeona orutu, chombo cha Wajaluo. Ngozi ni ya kenge, na ile pete ya chuma ni ongeng'o.

Mgogo Halisi:
Dodoma tuna zeze, nayo ni ya kusugua, ila tumbo lake ni kibuyu. Msikilize marehemu Hukwe Zawose.

Fundi Waya:
Usinunue kwenye maduka ya watalii, nyingi ni za kutundika ukutani. Rudi kwa mzee akuelekeze kwa fundi wake. Kabla hujatoa hela, mwambie aipige mbele yako, kisha iache kidogo. Uzi ukilegea wenyewe, kigingi hakishiki. Upinde nao lazima upakwe ulimbo. Bila ulimbo utasugua mpaka kesho, hutasikia kitu, uanze kulalamika umeuziwa kibovu. Halafu hilo gitaa lako litakusumbua mwanzoni: lina vyuma vya kukuonyesha noti ilipo. Huku kidole kinagusa uzi ukiwa hewani, hakiukandamizi kwenye fimbo. Sikio ndilo linaamua.

Kandambili:
Haya, yaishe. Ila miaka 38 na uzi mmoja, mh.

NyarKisumu:
Eriko Mukoyama, Anyango, katoka Japani akaja Siaya kujifunza nyatiti, chombo ambacho kimila wanawake hawakipigi. Huyu kaka ni jirani tu! Na D.O. Misiani wa benga, ule muziki wa gitaa wa Wajaluo, kazaliwa Shirati, upande wenu huko Tanzania. Sikiliza gitaa lake, utasikia nyatiti na orutu humo ndani.

Mtu wa Ziwani:
Asanteni sana. Nikienda kwa mzee nimpe nini? Naweza kumrekodi kwa simu?

Fundi Waya:
Mwombe kwanza, na ukirekodi mlipe, pale ndipo ofisini kwake. Siku ya kwanza beba sukari na majani ya chai. Kingine, kama utavuka nayo mpaka wa Sirari kurudi Tanzania, agiza ya ngozi ya mbuzi. Sauti itabadilika kidogo, lakini kenge yuko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyamapori, na ngozi yake kuvuka mpaka inataka kibali.