Gharama za kesi: rufaa inazuia dalali?

Mkaazi wa Kisauni: Hukumu ya hakimu imeniangukia, na gharama ni shilingi 180,000. Nimeshawasilisha rufaa Mahakama Kuu. Dalali wa mahakama anaweza kuja kukamata mali yangu?

Karani: Anaweza, ndugu yangu. Rufaa peke yake haisimamishi kitu. Ndivyo Amri ya 42, kanuni ya 6 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za Kenya inavyosema. Omba zuio, yaani amri ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu, kwanza kwa hakimu yuleyule, kwa cheti cha dharura (cha kuomba usikizwe haraka) na hati ya kiapo. Onyesha mambo matatu: hasara kubwa, hukuchelewa, na dhamana uko tayari kuweka. Wengi huangukia hapo kwenye hasara. "Nitaumia" haitoshi, maana hii ni pesa tu. Eleza kwa nini mwenzio hataweza kukurudishia ukishinda.

Bi Mkubwa: Na dhamana usiiache tupu. Andika kiasi na mahali: mahakamani, au akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote. Hakimu akikataa, peleka ombi Mahakama Kuu.

Karani: Dalali akishaorodhesha vyombo, ile notisi yake ni ya siku 7. Usingoje ya sita. Kama unachopinga ni kiasi cha gharama kilichokadiriwa tu, si hukumu yenyewe, hiyo ina njia nyingine kabisa.