Nimefaulu mitihani yote ya CPA ya Marekani nikiwa Mbeya: niombe leseni katika jimbo gani?

BintiUyole (Mbeya)

Habari za kazi, ndugu zangu wahasibu.

Ninafanya kazi katika kampuni ndogo ya ukaguzi wa hesabu hapa Mbeya mjini, ambayo wateja wake wengi ni SACCOS, shule binafsi na vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa wa Mbozi. Jioni, kwa makubaliano na mwajiri wangu, ninatunza vitabu vya wateja wa ofisi moja ya uhasibu iliyoko Marekani kwa njia ya mtandao, na kazi hiyo ndiyo iliyonisukuma kufanya mitihani ya CPA ya nchi hiyo, yaani ya kupata sifa ya mhasibu wa umma aliyethibitishwa. Namshukuru Mungu nimefaulu sehemu zote nne, yaani zile tatu za lazima za ukaguzi, taarifa za fedha, na kodi pamoja na sheria, na ile ya nne ambayo tangu mfumo mpya uanze Januari 2024 mtahiniwa huichagua mwenyewe. Mitihani hiyo niliifanyia katika kituo kilichoko nje ya Marekani.

Sasa nimefika mahali ambapo vitabu vya kujiandaa na mitihani havinisaidii tena. Kufaulu si leseni. Leseni hutolewa na bodi ya jimbo, na kila jimbo lina masharti yake. Nimesoma masharti ya majimbo kadhaa na mambo matatu yananikwamisha. La kwanza ni saa za masomo, yaani vipimo vya masomo ya chuo ambavyo Wamarekani huviita credit hours. Shahada yangu ya uhasibu ni ya miaka mitatu, na tathmini ya vyeti vyangu niliyofanyiwa ilinipa saa za kutosha kukaa kwenye mtihani, ambazo kwa jimbo nililopitia ni 120, lakini kwa leseni bodi hiyo inataka 150. La pili ni uzoefu wa kazi: msimamizi wangu wa hapa Mbeya ana CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi ya Tanzania, wala hana leseni ya Marekani, na yule mwenye leseni ya Marekani ananisimamia kwa mbali na hatujawahi kuonana ana kwa ana. La tatu ni namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, ambayo sina na sina njia ya kuipata kwa sasa, kwa kuwa sijawahi kuajiriwa nikiwa nchini humo.

Je, ninabanwa na jimbo nililopitia wakati wa kujiandikisha kwa mtihani, au ninaweza kuomba leseni kwingine? Na kati ya hayo matatu, nianze na lipi?

MkaguziGangilonga (Iringa)

Dada BintiUyole, hongera sana. Nina leseni ya jimbo mojawapo la Marekani na ninaishi Iringa, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu, maana njia hii nimeipita.

Nianze na swali lako la kubanwa, kwa sababu jibu lake linafungua mengine. Hubanwi. Mtihani huo ni mmoja kwa nchi nzima: hutungwa na taasisi ya wahasibu iitwayo AICPA, uratibu wa maombi na matokeo hufanywa na NASBA, ambao ni umoja wa bodi zote, kisha leseni hutolewa na bodi yenyewe. Bodi hizo ni 55, za majimbo 50 pamoja na Washington D.C., Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin na Visiwa vya Mariana ya Kaskazini. Ukiwa umefaulu kupitia bodi moja, unaweza kuomba matokeo yako yapelekwe kwenye bodi nyingine kwa fomu maalumu ya kubadilishana taarifa, na bodi hiyo ya pili itakupima kwa masharti yake yenyewe ya elimu na uzoefu. Kwa hiyo jimbo la mtihani na jimbo la leseni si lazima liwe moja.

Hata hivyo, muda wako hauna upana unaoweza kuudhania. Wanaofanyia mtihani nje ya Marekani hutia saini hati ya ridhaa kwamba lengo lao ni kupata leseni, na hati hiyo inasema kwamba mtu asipokamilisha leseni ndani ya miaka mitatu tangu afaulu, matokeo yake yanaweza kubatilishwa. Itafute nakala yako uisome tena leo, kisha uandike tarehe ya mwisho mahali utakapoiona kila siku.

Sasa, uanze na lipi? Watu wengi huanza na saa za masomo kwa sababu zinahesabika na zinaonekana kwenye karatasi. Mimi ninaamini kwa dhati kwamba uanze na mtu atakayetia saini uzoefu wako. Saa za masomo ukizikosa utazinunua kwa ada na kwa muda. Lakini ukikosa mtu wa kuthibitisha kazi yako, hata ungekuwa na shahada tatu, ombi litakaa mezani. Majimbo mengi yanataka mwaka mmoja wa kazi, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa saa 2,000, chini ya usimamizi wa mwenye leseni. Hapo ndipo bodi zinapotofautiana sana. Zipo zinazomkubali msimamizi mwenye leseni ya nchi nyingine inayolingana na yao, na kwa hizo bosi wako wa Mbeya anaweza kukufaa. Zipo zinazotaka leseni ya Marekani tu. Na zipo zinazotaka mtiaji saini awe ameishika leseni yake kwa miaka mitano kabla ya kukuthibitisha. Aidha, NASBA wana huduma ya kuthibitisha uzoefu kwa waombaji ambao hawana msimamizi mwenye leseni ya Marekani, lakini ni baadhi tu ya bodi zinazoipokea, hivyo usiilipie kabla ya kuuliza bodi unayoilenga.

Kuhusu msimamizi wako wa mtandaoni, umbali si kizuizi chenyewe. Fomu huuliza ulikuwa mwajiriwa au mkandarasi, ulifanya kazi muda wote au kwa saa, ulifanya kazi za aina gani, na huyo anayetia saini aliipitia kazi yako kwa namna gani. Kama anakagua hesabu zako kila mwezi, anakurudishia maswali na wewe unarekebisha, huo ni usimamizi na ushahidi wake upo kwenye barua pepe zenu. Penye shaka ni pale mkataba wenu unapokutaja kama mkandarasi wa nje, kwa kuwa baadhi ya bodi hazihesabu kazi ya mkandarasi anayejitegemea. Iandikie bodi, eleza hali yako kama ilivyo bila kuipamba, na utunze jibu lao la maandishi. Jibu hilo lina thamani kuliko maoni yetu sote humu, yangu yakiwemo.

Usiidharau pia kazi yako ya mchana. Kukagua SACCOS na AMCOS (vile vyama vya ushirika vya wakulima) ni ukaguzi halisi: unapanga kazi, unapima udhibiti wa ndani, unahakiki mikopo na akiba, unaandaa rasimu ya ripoti. California, kwa mfano, humtaka yule anayetaka kusaini ripoti za ukaguzi awe na saa 500 za kazi ya aina hiyo, mbali na uzoefu wa kawaida. Tunza daftari la saa zako, mteja kwa mteja na hatua kwa hatua, na umwombe bosi wako alitie saini kila mwisho wa mwezi wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Niliwahi kumwona kijana mmoja akihangaika kutafuta saini ya msimamizi aliyekwisha kuhama nchi, na kazi yote aliyoifanya ilikuwa ya kweli lakini hakuwa na karatasi ya kuionyesha.

Kuhusu namba ya hifadhi ya jamii, zipo bodi zinazoidai bila mjadala, na zipo zinazopokea tamko la maandishi kwamba huna. Chuja orodha yako kwa kigezo hicho mapema, kwa sababu ni rahisi kukiangalia na kitaondoa majimbo kadhaa mara moja. Usijaze namba ya mtu mwingine wala namba ya kubuni hata kama kuna wakala anakuambia ni kawaida. Fomu hizo hutiwa saini kwa kiapo, na uongo kwenye kiapo hufunga mlango wa taaluma hii.

NjiapandaMakambako (Njombe)

Mimi nitaongezea upande wa masomo tu.

Shahada ya miaka mitatu ya Tanzania hutanguliwa na miaka kumi na mitatu ya shule, kwa maana ya saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya kidato cha tano na sita. Baadhi ya taasisi za tathmini huuhesabia ule mwaka wa ziada, ambao Mmarekani hana, kwa hiyo kama tathmini yako ya kwanza haikuambatishwa cheti cha kidato cha sita cha NECTA, waulize kama wataifanya upya. Zikibaki pungufu, shahada ya uzamili ndiyo njia iliyo wazi zaidi. Hapo Mbeya Mzumbe wana kampasi, na TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania) pia wana kampasi, hivyo si lazima uhamie Dar es Salaam. Ila kabla ya kulipa ada, soma sheria ya jimbo: zipo bodi zinazotaka idadi fulani ya saa ziwe za uhasibu wenyewe au za maadili, na uzamili wa utawala wa biashara peke yake hauwezi kuzijaza. Na mitihani ya bodi zetu, ukiwemo ule wa NBAA, ni ya kitaaluma; usitegemee kwamba itageuzwa kuwa saa za chuo kikuu.

Jambo jingine la kutazama ni kwamba hiyo sheria ya saa 150 inalegezwa. Ohio walitia saini mabadiliko Januari 2025, yakaanza kutumika Januari 2026, na kwa njia hiyo mpya mwenye shahada ya kwanza akiwa na miaka miwili ya uzoefu na amefaulu mtihani anaweza kuomba bila zile saa 30 za ziada. Majimbo mengine yamepitisha sheria za namna hiyo. Kwa mtu ambaye tayari yuko kazini kama wewe, mwaka mmoja zaidi wa kazi unaweza kuwa nafuu kuliko ada ya uzamili, mradi mtu wa kutia saini awepo kwa miaka yote miwili.

BintiUyole (Mbeya)

Ninawashukuru sana. Nimekwisha kumwandikia yule msimamizi wa Marekani, naye amekubali kwamba yuko tayari kutia saini ikiwa bodi itamkubali. Bosi wangu wa hapa nitaongea naye Jumatatu kuhusu daftari la saa.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Wakati ninasubiri, je, ninaruhusiwa kuandika CPA baada ya jina langu? Mteja mmoja ameanza kuniita hivyo kwenye barua. Na swali la pili: vyeti vyangu vya shule na chuo vina majina mawili, pasipoti ina majina matatu, na mtihani niliusajili kwa pasipoti. Je, hilo litaniletea shida?

HesabuTunduma (Songwe)

Dada, usiandike, wala usimwache mteja aendelee kukuita hivyo. Majimbo ya Marekani hulilinda jina hilo kwa sheria, na bodi ikiona umelitumia kabla ya leseni, ombi lako litaanza na maelezo ya kujitetea. Andika kwamba umefaulu mtihani wa CPA. Hiyo ni kweli na inatosha.

Hapa nyumbani nako lazima ujihadhari. Taaluma hii nchini inasimamiwa na NBAA chini ya Sheria ya Wakaguzi na Wahasibu ya mwaka 1972, Sura ya 286. Leseni ya jimbo la Marekani, hata ukiipata kesho, haikupi haki ya kusaini ripoti ya ukaguzi ya SACCOS ya Mbozi. Kwa hilo unahitaji usajili wa NBAA, tena wa daraja la wenye kibali cha kufanya kazi ya ukaguzi kwa umma. Hapa kwetu mpakani ninawaona vijana wanaovuka na vyeti vya Zambia wakidhani vitafanya kazi upande huu bila usajili, na wateja wao ndio wanaoumia benki inapoikataa ripoti. Waandikie NBAA mapema, uwaeleze ulichofaulu, uombe wakwambie kwa maandishi watakitambua vipi.

MkaguziGangilonga (Iringa)

Kuhusu majina, shughulika nalo sasa, kabla ya kutuma chochote. Nenda kwa wakili au kamishna wa viapo hapo Mbeya, uape hati ya kuthibitisha kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, itaje kila cheti na jinsi jina lilivyoandikwa humo, na nakala yake iende pamoja na ombi. Kisha umwombe yule msimamizi ajaze fomu ya uzoefu kwa jina lile lile la pasipoti, herufi kwa herufi.

Matokeo ya chuo ndiyo hula muda mrefu zaidi. Bodi na watathmini kwa kawaida hawapokei nakala kutoka mkononi mwako. Wanataka chuo chenyewe kiwatumie, kwa njia ya kielektroniki au katika bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri kwenye ufungio. Peleka barua ya maombi ofisi ya msajili ukiwa na anwani kamili ya mpokeaji na namba yako ya maombi, acha ada ya kuituma kwa mjumbe mwenye namba ya ufuatiliaji, na uwafuatilie kwa heshima kila wiki, kwa kuwa kipindi cha mahafali maombi ya namna hii huwekwa chini ya mengine.

Angalia pia kama bodi yako inataka mtihani wa maadili. Wengi hutumia ule wa AICPA, ambao unaufanyia nyumbani ukiwa na kitabu, lakini alama ya kufaulu ni 90, si 75 kama ile mingine. Na ada ya maombi kwa kawaida hairudishwi, kwa hiyo usibonyeze kulipa mpaka uwe na jibu la bodi kuhusu msimamizi, tathmini ya saa mkononi, na hiyo hati ya kiapo. Ukishapata jibu la bodi kuhusu mkataba wa ukandarasi, liweke hapa bila majina ya watu, kwa sababu wapo wengine Iringa na Njombe wanaofanya kazi kama yako.