Jengo la shule ya zamani kijijini kwetu linabomolewa kwa idhini ya nani?

Ndugu zangu, nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Jengo la shule ya zamani katika kijiji chetu huku Kanda ya Ziwa, Tanzania, lile la mawe lenye baraza ndefu, limepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na mnunuzi ameshafika kukagua bati na kenchi, yaani mbao za paa, ili ajue atalipa kiasi gani. Mkutano mkuu wa kijiji haukuitishwa kulijadili jambo hili. Tulipouliza tuliambiwa kwamba jengo ni chakavu, kwamba limekataliwa kwa matumizi ya darasa na kwamba uamuzi umetoka juu. Ni kikao gani kilichoamua na muhtasari wake uko wapi, hakuna aliyetujibu hadi leo.

Nieleweke mapema kwamba sipingi madarasa mapya. Watoto wetu wanasoma katika vyumba vyenye sakafu nzuri na madirisha ya vioo, na hakuna mzazi anayetaka warudishwe katika jengo la zamani. Tunachodai ni kwamba jengo lile likarabatiwe na kuachwa mikononi mwa kijiji: chumba kimoja kiwe maktaba, kingine kiwe cha madarasa ya jioni ya watu wazima na vijana walioikosa shule, na kile kikubwa kiwe ukumbi wa mikutano, kwa sababu mpaka sasa tunakutana chini ya mwembe na mvua ikinyesha kikao kinavunjika.

Jengo hili lilianzwa wakati wa Mwingereza, likiwa shule ya mamlaka ya wenyeji, yaani utawala wa machifu chini ya serikali ya kikoloni. Mawe yalitolewa mlimani na wazee wetu kwa mabega yao, na akina mama ndio walioteka maji na kubeba mchanga. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977, viliongezwa vyumba kwa tofali za kuchoma, nazo pia zilifyatuliwa na wanakijiji wenyewe. Hakuna mkandarasi aliyelipwa hata senti. Ndiyo maana siwezi kuvumilia kusikia mtu aliyehamia hapa juzi akiliita jengo hili mali chakavu ya ofisi yake.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Kanda yetu ndiyo iliyokuwa uwanja wa majaribio ya kisomo chenye manufaa, yaani kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika kupitia kazi zao. Mradi huo ulioungwa mkono na UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ulianza mwaka 1968, makao yake yakiwa Mwanza, na uliihusu mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vyake vya kujifunzia kusoma vilitungwa kutokana na kazi za watu, yaani pamba, migomba na uvuvi, ili mkulima azitambue herufi ndani ya maneno anayoyatumia shambani kila siku. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, vyumba kama vya shule yetu vilijaa kila jioni, wazazi wakiketi kwenye madawati ambayo watoto wao walikuwa wameyaacha mchana, wakisoma kwa mwanga wa karabai. Mwaka 1973 vikundi vya kusikiliza redio vya kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya vilikutana humo humo. Bibi yangu mzaa mama aliandika jina lake kwa mara ya kwanza katika chumba cha mwisho upande wa mlimani. Kabla ya hapo, kila alipouza pamba aliweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakuweza kusoma imeandikwa nini. Wakati wa sensa ya 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wamebaki asilimia 39, na kufikia 1986 walikuwa takriban asilimia 10. Takwimu hizo tunazitaja kwa fahari kwenye sherehe, kisha tunavibomoa vyumba ambamo kazi yenyewe ilifanyika!

Nimeisoma Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ili nijue kama inatulinda. Jengo linalolindwa moja kwa moja ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940 unalindwa pia, lakini shule nzima iliyojengwa na wananchi enzi hizo hizo hailindwi mpaka Waziri atangaze hivyo, na Waziri hawezi kutangaza asichopelekewa. Tulipendekeza apelekewe, tukaambiwa tusipoteze muda wa watu. Hata hivyo, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaufanya mkutano mkuu kuwa chombo cha juu kabisa cha kijiji, na inazipa halmashauri za wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa hiyo njia ya kulilinda jengo ipo, kinachokosekana ni nia. Kule Musoma, shule ya Mwisenge inatunzwa kwa heshima kwa sababu Mwalimu alianza masomo pale mwaka 1934, na ni haki itunzwe. Lakini je, shule ambazo hazikutoa rais, zilizotoa wakunga, makarani wa vyama vya msingi vya ushirika na walimu wa vijiji jirani, hazina historia?

Nikija kwenye uchakavu wenyewe, nao una aliyeusababisha. Kuta zile ni za mawe yaliyojengewa udongo na kupakwa chokaa, na zilisimama miaka yote hiyo zikipumua. Kisha ukaja ukarabati wa haraka uliozifunika kwa lipu ya saruji, mifereji ya bati ikang'olewa na haikurudishwa, maji yakaingia ukutani yakakosa pa kutokea, na sasa lipu inabanduka kwa mapande. Mafundi wazee waliotazama wanasema msingi ni mzima. Saruji ibanduliwe, kuta zipakwe chokaa, mifereji irudishwe, na kenchi zilizoliwa na mchwa zibadilishwe. Tumejitolea mawe, mchanga na nguvu kazi, na hata hilo halikusikilizwa.

Wanaosema shule kuukuu ya shamba haina faida wangetazama Marekani ya kusini. Kati ya miaka ya 1910 na 1932, mwelimishaji Mweusi Booker T. Washington na tajiri Julius Rosenwald walianzisha mpango uliojenga zaidi ya majengo 5,300 kwa ajili ya elimu ya watoto Weusi wa vijijini katika majimbo 15. Weusi wenyewe, wengi wao wakulima maskini, walichanga takriban dola milioni 4.7, kiasi kilichozidi mchango wa mfuko wa Rosenwald, mbali na kodi walizolipa. Majengo mengi yalipotea baada ya shule za ubaguzi kufungwa, na mwaka 2002 yaliyosalia yakaingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya urithi ulio hatarini kupotea. Leo baadhi yake ni kumbi na vituo vya jamii, na wengi waliopigania kuyaokoa ni waliosoma humo, na watoto wao.

Ninaomba mambo matatu kwenu. Mwanasheria aliye humu atueleze kama tunaweza kuomba zuio la mahakama kwa jina la wanakijiji, au ni lazima halmashauri ya kijiji ndiyo ifungue shauri. Fundi mwenye uzoefu wa kuta za mawe na chokaa atuandikie makadirio ya gharama tutakayoweza kuyaweka mezani. Na yeyote ambaye kijiji chake kilifanikiwa kuitisha mkutano mkuu kwa shinikizo la wananchi, mwenyekiti akiwa hataki, aweke hapa utaratibu walioufuata, kwa sababu mnunuzi wa bati ameahidi kurudi na gari mwisho wa mwezi huu.