Nataka kila kitu kiwe bila kasoro, na sasa nguvu zimeniisha. Naanzia wapi?

Mleta uzi: Wakuu, naomba ushauri. Kazi yangu ni kuandika ripoti. Ripoti ya saa mbili inakula siku mbili: aya ya kwanza nairudia weee, natafuta takwimu moja mpaka jioni, mwisho natuma kwa kuchelewa. Nilienda likizo, nikarudi vilevile. Kila mtu ananiambia nianze kidogo kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Na kwa nini nikianza, baada ya siku chache naacha?

Rasimu Kwanza: Pole sana mkuu. Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11 (orodha yake ya kimataifa ya magonjwa), linautaja uchovu huu wa kazi (burnout) kuwa matokeo ya msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, halikuuita ugonjwa. Una sura tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi, na kuona hufanyi la maana. Likizo mara nyingi inagusa zaidi hiyo ya kwanza. Ukirudi na viwango vilevile, unaishiwa tena.

Kidogo ni kile unachoweza kukifanya hata siku ambayo hukulala vizuri. Kwako: dakika 10, aya moja, kengele ya simu imetegwa. Kabla ya kuanza andika mwisho wa kazi uko wapi, mfano "aya ya matokeo ina sentensi tano, hata kama ni mbovu". Takwimu huna? Weka XX, songa mbele. Ndani ya dakika hizo hakuna kufuta. Kusahihisha kuna muda wake, maana ukiandika huku unahukumu, sentensi ya pili haizaliwi.

Kwa nini unaacha? Mara nyingi kinachoharibu ni siku nzuri. Umejisikia vizuri, umeandika kwa muda wa saa tatu nzima. Kesho yake ukiikumbuka kazi unaziona zile saa tatu, siyo dakika 10, na unaikwepa. Kwa hiyo weka na kikomo cha juu: dakika 30. Kengele ya hizo 30 ikilia acha, hata sentensi ikiwa katikati. Kesho utajua pa kuanzia.

Mleta uzi: Bosi akikuta kosa je?

Kalamu Nyepesi: Inategemea kosa gani. Jumla za fedha, majina, tarehe: hakiki mara mbili, tena kwa kulinganisha na hati ya asili, siyo kwa kusoma tu. Barua pepe ya ndani soma mara moja, tuma. Kinachokuchosha ni kuvipa vyote uzito mmoja.

Halafu mpelekee bosi mifupa ya ripoti ikiwa theluthi tu: "Naomba mwelekeo, lugha bado sijaisafisha." Kabla ya kutuma, andika mahali unachohofia atakijibu. Akishajibu, linganisha. Ukifanya hivyo kwa ripoti kadhaa utakuwa na ushahidi wa kiwango anachotaka yeye, badala ya kile unachokidhania.

Mama Ratiba: Jamani, kama mzigo ni wa watu wawili, hizo dakika 10 hazitausogeza. Orodhesha kazi zote, kila moja na saa zake, mpelekee mkuu wako, muulize ipi isubiri. Usimuulize kama unaweza kupunguziwa, muulize *ipi*.

Na kama huzuni au kukosa hamu hata ya mambo unayoyapenda vimekaa wiki mbili au zaidi, muone daktari. Upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingoni navyo huleta uchovu, na vipimo vya damu huvionyesha. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri wiki mbili, tafuta msaada siku hiyohiyo.

Rasimu Kwanza: Nakazia kwa Mama Ratiba. Nyongeza: ukiruka siku, usilipe deni. Ukiongeza za jana zinakuwa 20, keshokutwa 30, na umerudi ulikotoka. Siku nne kwa wiki zinatosha kabisa.

Mleta uzi: Asanteni wakuu. Kesho naanza na aya ya matokeo. Ngoja kwanza nitengeneze jedwali zuri la kufuatilia, lenye rangi za kila…

Kalamu Nyepesi: Mkuu, acha jedwali. Tia alama ya kalamu kwenye kalenda, basi.