Kutua Saint Lucia: viwanja viwili, na hoteli iko upande gani

Kutoka: Mdogo wenu wa Reading
Mada: Naomba msaada, kutua Saint Lucia na kufika hotelini

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mwenzangu wa kazini, tunayefanya naye zamu za usiku wodini, anaolewa kwao Saint Lucia, kisiwa cha Karibi, mwezi wa Februari, na ameniomba niwe mpambe wake. Nitakwenda na mama yangu, ambaye wakati huo atakuwa amekuja kunitembelea kutoka Mombasa. Mimi nina pasipoti ya Uingereza, mama ana ya Kenya. Hoteli yetu iko Rodney Bay.

Nimetafuta tiketi nikakuta safari za namna mbili. Moja inatoka London moja kwa moja na kutua UVF, nyingine inapitia Barbados na kutua SLU, na bei zimepishana. Hoteli nayo imeniandikia kuwa usafiri wa kutoka uwanjani haumo katika bei. Mama magoti yanamsumbua, na barabara ya kona kona humchafua tumbo. Aliyewahi kufika huko naomba anielekeze: tukishashuka twende wapi, tupande nini, tulipe kwa pesa gani?

Natanguliza shukrani.


Kutoka: Kaka wa Lewisham
Mada: Re: Naomba msaada, kutua Saint Lucia na kufika hotelini

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kupewa heshima hiyo. Saint Lucia ni ukweni kwangu. Wakwe zangu ni watu wa Dennery, na barabara mtakayopita inakatiza hapo hapo, kwa hiyo nakuandikia ninachokijua.

Kabla hujatazama bei, tazama hizo herufi tatu. UVF ni uwanja wa Hewanorra, uko Vieux Fort, ncha ya kusini kabisa ya kisiwa. SLU ni uwanja wa George F. L. Charles, uko Vigie, pembeni ya mji mkuu Castries, upande wa kaskazini. Rodney Bay iko kaskazini zaidi ya Castries, jirani na Gros Islet. Maana yake, ukitua UVF una safari ya gari ya kama saa moja na nusu, kutoka ncha moja ya kisiwa hadi karibu na ncha ya pili. Ukitua SLU, dakika ishirini au thelathini zinatosha, foleni ya Castries ikiwa nyepesi. Watu wengi hununua tiketi kwanza, halafu hoteli, na hili hulijua wakiwa wamesimama juani na mizigo. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 43 hivi tu, lakini katikati ni milima mitupu, kwa hiyo ramani isikudanganye.

Ndege kubwa hutua kusini kwa sababu ndiko kwenye ardhi tambarare. Wamarekani walijenga uwanja huo wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukiitwa Beane Field, na njia yake ya kurukia ina nafasi ya ndege za masafa marefu. Vigie njia ya kurukia ni fupi, pamebanwa kati ya kilima na ufukwe, panafaa ndege ndogo zinazozunguka visiwani.

Sasa suala la mama, na hili ndilo linalonikaa moyoni kuliko teksi. Kuna mambo matatu ya kukagua kabla ya kulipa chochote.

La kwanza, viza yake ya Uingereza. Hakikisha inamruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Viza nyingi za matembezi zinaruhusu, lakini isome ilivyoandikwa, kwa sababu akitoka kwenda Saint Lucia lazima aingie tena London ndipo arudi nyumbani.

La pili, waulize ubalozi wa Saint Lucia hapa London kuhusu mwenye pasipoti ya Kenya, nao wakujibu kwa maandishi. Lichapishe jibu hilo mwende nalo. Mfanyakazi wa kaunta ya ndege ndiye mtu wa kwanza anayeweza kumzuia mama, hata kabla hajamwona afisa uhamiaji, na mbele yake karatasi ina nguvu kuliko maelezo.

La tatu, usikubali tiketi ya bei nafuu inayopitia Miami au New York. Marekani haina sehemu ya kusubiri ndege bila kuingia nchini, kila abiria hupita uhamiaji, na bila viza ya Marekani mama hataruhusiwa kupanda. San Juan ya Puerto Rico ni Marekani vilevile. Na yule atakayekushauri mpitie Paris, mshukie Martinique mvuke kwa boti, mwambie viza ya Schengen ya kawaida haitumiki Martinique. Lazima iwe imeandikwa kuwa inakubalika katika maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo.

Kama mama atakuwa ametoka Kenya siku chache tu kabla, abebe na kadi ya njano ya homa ya manjano. Chanjo hiyo siku hizi huhesabiwa ya maisha, kwa hiyo kadi ya zamani inafaa.

Mkitua Hewanorra huenda mkashuka kwa ngazi hadi kwenye lami, mtembee hadi kwenye jengo. Joto litawapokea mlangoni mwa ndege, kwa hiyo sweta la London liwe limeshavuliwa. Uhamiaji watataka jina la hoteli, anwani yake na tiketi ya kurudi. Viandike kwenye karatasi, maana simu huishiwa chaji wakati mbaya. Ndege mbili kubwa zikitua pamoja, foleni huwa ndefu, na viti ni vichache kwa mtu mwenye magoti mabovu.

Baada ya forodha, ukifungua mlango wa nje tu, utakutana na madereva. Wengi wao ni watu wa heshima kabisa. Teksi halali namba yake inaanza na TX. Hazina mita, bei hupangwa kulingana na eneo unakokwenda, kwa hiyo kubaliana kabla begi halijaingia kwenye buti. Kwenda Rodney Bay kwa kawaida ni kati ya dola 80 na 100 za Marekani, nayo ni bei ya gari zima, si ya kichwa. Kama kuna wageni wengine wa harusi ndege hiyo hiyo, changeni.

Na hapo kwenye bei kuna neno moja la kuuliza kila mara: dola ipi? Pesa yao ni dola ya Karibi Mashariki, wao huiita EC tu, na tangu 1976 dola moja ya Marekani ni EC 2.70. Dereva akisema "tisini" anaweza kumaanisha tisini za Marekani, au tisini za EC, ambazo ni kama 33 za Marekani. Tofauti hiyo ni chakula cha siku mbili. Madukani ukilipa dola za Marekani zinapokelewa, chenji utarudishiwa EC. Pauni ziache kwenye droo Reading.

Barabara yenyewe inapita Micoud, kisha Dennery, halafu inapanda mlima wa Barre de l'Isle na kuteremka hadi Castries. Kama mama amewahi kupanda Wundanyi kutoka Mwatate, kule Taita, mlima huo atautambua mara moja. Kutoka Vieux Fort hadi Dennery si mbaya sana, bahari iko kulia kwenu, inaonekana na kupotea. Ukishapita Dennery unaingia bonde la Mabouya, mashamba ya ndizi pande zote, na kila mkungu umevalishwa mfuko wa plastiki wa buluu kuukinga na wadudu na michubuko. Mwonyeshe mama, najua atauliza. Baada ya bonde ndipo kona zinapoanza, moja inaishia kwenye nyingine. Mkalishe kiti cha mbele. Magari huko hupita kushoto kama kwetu, kwa hiyo kiti cha abiria kiko upande ule ule aliouzoea. Mwambie dereva tangu uwanjani kwamba mzee haendeshwi kwa kasi. Hilo wakwe zangu huwa wanalisema bila haya, na madereva hulipokea vizuri. Dennery mnaweza kusimama mnyooshe miguu na mnywe madafu.


Kutoka: Dada wa Toronto
Mada: Re: Re: Naomba msaada, kutua Saint Lucia na kufika hotelini

Salaam wapendwa. Kaka ameeleza vizuri. Mimi nilipitia Barbados, nikatua Vigie, naongeza upande huo.

Faida yake ni kubwa ukishashuka. Uwanja ni mdogo, uko karibu na kila kitu, na safari ya Rodney Bay haina milima ya kutisha. Kama nyote magoti yangekuwa mazima ningekwambia pita huko. Lakini ndege za visiwani ni za pangaboi, ngazi zake ni nyembamba na zina mwinuko mkali, na kabati za juu hazimezi lile begi la magurudumu tulilozoea. Begi likipelekwa chini, linaweza kuja na ndege inayofuata. Mimi langu lilikuja siku ya pili. Kwa hiyo dawa za mama na gauni la harusi visitoke mikononi mwenu.

Ukichagua njia hiyo, hakikisha ni tiketi moja tangu London hadi SLU. Ukinunua mbili mbali mbali, huenda mkalazimika kuingia Barbados, mchukue mizigo, mjisajili upya. Hapo masharti ya Barbados kwa pasipoti ya Kenya yanamhusu mama, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kuwasubiri.

Kiti cha magurudumu kiombe siku ya kukata tiketi, halafu piga simu siku mbili kabla ya safari uulize kama kimeandikwa. Usione haya kwa niaba ya mama. Mwenye kiti husindikizwa hadi mbele ya uhamiaji, na wewe unaongozana naye. Bila kiti atasimama na umma wote.

Nimemwona mtu akiuliza habari ya helikopta pale Hewanorra. Ipo, inavusha watu hadi Vigie kwa dakika kumi au kumi na tano, lakini ni ghali kwa kila kichwa na ina masharti ya uzito wa mizigo. Kwa watu wawili teksi inatosha.


Kutoka: Mdogo wenu wa Reading
Mada: Re: Re: Re: Naomba msaada

Mungu awabariki. Tumeamua ile ya moja kwa moja, UVF, na kiti cha magurudumu nimeshakiomba. Viza ya mama nimeisoma, inaruhusu kuingia mara nyingi. Ubalozi nimewaandikia leo.

Swali la mwisho: wenzetu wawili watakuja baada yetu na bajeti yao ni ndogo. Basi la kawaida lipo?


Kutoka: Kaka wa Lewisham
Mada: Re: Re: Re: Re: Naomba msaada

Lipo, na kama ni vijana wasio na mizigo mizito, ni safari nzuri. Ni mabasi madogo kama matatu au daladala, namba zake zinaanza na M. Hayaingii uwanjani kusubiri abiria, watatoka hadi barabara kuu au mjini Vieux Fort. Wapande la Castries, njia ya 2H. Castries wabadilishe, wapande 1A ya Gros Islet, inapita Rodney Bay. Vituo viko mitaa tofauti, wamuulize yeyote, watasindikizwa. Nauli ya safari yote ni dola chache za Marekani, lakini wawe na EC za noti ndogo.

Konda hakuna. Unalipa dereva wakati wa kushuka. Na ukiingia ndani ya basi unasalimia. Huko, kama nyumbani kwetu, mtu anayekaa bila kusalimia huonekana hakulelewa.

Tatizo ni saa. Ndege za London kwa kawaida hutua alasiri, na jua la Februari linazama saa kumi na mbili na robo hivi. Kufikia muda wa kutoka na mizigo, mabasi ya kwenda Castries yanaanza kupungua, na Jumapili ni machache mchana kutwa. Wakichelewa, walale Vieux Fort waondoke asubuhi, au wachange teksi. Gizani kwenye ule mlima sishauri kuungaunga usafiri.

Jambo moja nililolisahau, nalo ni la sheria. Nguo za mabaka ya kijeshi ni marufuku kwa raia, hata kofia, hata suruali ya mtoto. Wakague mabegi kabla ya kufunga. Vifaa vya umeme havina shida, plagi ni zile zile za Uingereza na Kenya.

Ukishapata namba ya ndege niandikie pembeni. Shemeji yangu anaendesha teksi pale Vieux Fort, nitamwomba awangoje nje ya mlango na jina la mama kwenye karatasi, na bei tutakubaliana naye kabla hamjaondoka London.